Mnara wa Januari Mosi

Chukua orodha ya CORD-19, ule mkusanyo wa makala za kisayansi kuhusu virusi vya korona ulioanza kutolewa Marekani tarehe 16 Machi 2020. Chora idadi ya makala kwa kila siku. Kitakachokugonga macho kwanza ni mnara uliosimama tarehe 1 Januari 2020. Taarifa za nimonia isiyojulikana chanzo huko Wuhan zilikuwa zimelifikia Shirika la Afya Duniani (WHO) jana yake tu. Nani basi aliandika makala zote hizo usiku mmoja?

Hakuna aliyeandika. Makala nyingi ziliingia kwenye orodha zikiwa na mwaka peke yake, "2020", na programu ya kuchora grafu ikikutana na mwaka usio na mwezi wala siku, huujazia yenyewe: mwezi wa kwanza, siku ya kwanza. Wapo wanaozifuta tu makala hizo. Naona hilo ni kosa, kwa sababu hazikosi siku kwa bahati nasibu. Majarida fulani ndiyo yenye tabia hiyo, na ukiyafuta unapoteza fani nzima. Afadhali tarehe ambayo makala iliingizwa PubMed, maktaba ya mtandaoni ya makala za tiba; tarehe hiyo huwa kamili, ingawa nayo inapima kasi ya maktaba pamoja na kasi ya watafiti.

Kisha yapo majina. WHO iliutangaza ugonjwa kwa jina la COVID-19 (UVIKO-19 kwa Kiswahili) tarehe 11 Februari 2020. Makala mashuhuri ya jarida la The Lancet iliyoeleza wagonjwa 41 wa mwanzo ilitoka Januari 24, na kichwa chake kinataja "virusi vipya vya korona vya 2019". Anayetafuta kwa jina rasmi pekee ataikosa makala inayonukuliwa kuliko karibu zote. Kinyume chake pia hutokea: CORD-19 ilibeba hata tafiti za zamani za virusi vingine vya korona, vya SARS na MERS, kwa hiyo kukua kwake kutoka makala takriban 28,000 hadi zaidi ya milioni moja kufikia Juni 2022 si kukua kwa utafiti wa UVIKO-19 peke yake.

Tatizo gumu zaidi ni makala moja kuhesabiwa mara mbili. Matokeo ya jaribio la RECOVERY la Uingereza kuhusu dawa ya deksamethasoni yalitangazwa Juni 16, 2020, na siku hiyo hiyo hospitali za huko zikaruhusiwa kuitumia. Rasimu iliwekwa medRxiv, tovuti ya rasimu za utafiti, Juni 22, kabla wataalamu wengine hawajaipitia kwa niaba ya jarida. The New England Journal of Medicine ikaichapisha Julai 17. Kazi ni moja, namba za utambulisho ni mbili. Ukibakiza ya jarida, grafu yako inachelewa karibu mwezi mzima nyuma ya wodi. Kwa kufuatilia mwelekeo, mimi hubakiza tarehe ya rasimu. Anayepima ubora wa ushahidi afanye vinginevyo.

Dawa ya hydroxychloroquine ndiyo inayoumbua hesabu hizi. Mei 22, 2020 The Lancet ilichapisha utafiti uliodai kuwa na data za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671. Utafiti huo uliionyesha dawa kuwa hatari, na WHO ikasitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Data hazikuweza kuthibitishwa, na makala ikafutwa Juni 4. Lakini katika jedwali, ingizo lake linabaki, na zinaongezeka barua za malalamiko, tahariri na tangazo la kuifuta, kila moja ikihesabiwa kuwa "makala ya hydroxychloroquine". Dawa inaporomoka huku mstari wake ukipanda. PubMed huonyesha aina ya chapisho. Jedwali la CORD-19 halikuwa na safu ya taarifa hiyo. Inabidi kuvuta taarifa kwa namba ya PubMed, na makala isiyo na namba, usome kichwa chake kwa macho yako.