Wiki tuliyoiprinti

Wakati asistanti alitangaza kwamba kazi ya muhula itafanyika "kwenye wiki", nusu ya oditwari ilifikiri ametupa siku saba. Tulicheka sana. Akaeleza: wiki ni tovuti yenye kurasa ambazo kila mwanafunzi anaweza kufungua, akaandika, akafuta, akasahihisha kile mwenzake aliandika. Jina linatoka Hawaii, ambako wiki wiki ni haraka haraka. Mmarekani Ward Cunningham njo alilitumia kwa tovuti ya kwanza ya aina hiyo, mwaka 1995. Tena kila mmoja wetu alipaswa kuwa na blogu ya kuandika kila juma kile alichokiona kwenye shamba la mazoezi. Tulikuwa L1 agro, watu zaidi ya mia, na siku ile tulijisikia tumefika Ulaya.

Bandugu, leo kila mahali nasikia kwamba masomo ya numeriki yanakuja kutuokoa. Miye nataka kusema kile niliona, juu nilikuwa ndani, na kosa moja kubwa ni langu.

Blogu kwanza, hiyo ni fupi. Mega ni ghali, watu wanne waliandikia kwenye simu moja, na kufika juma la tatu kila blogu ilisema maneno yaleyale: leo tulifika shambani saa mbili, tukapalilia. Chini yake kamaradi anaweka "Courage!", asistanti haweki kitu. Kamaradi mmoja tu alinifundisha jambo. Alipiga picha kitalu chake cha kahawa kila siku tatu mpaka miche ikafa, akaandika bila haya kwamba alikuwa anamwagilia maji mingi kupita kipimo. Ile ilikuwa daftari ya kweli ya mtu wa shamba. Alipata pointi kidogo kuliko sisi tuliopalilia.

Wiki ni hadithi ingine. Kikundi chetu kilipewa mnyauko bakteria wa migomba, ule majirani zetu wa Rwanda wanaita kirabiranya. Ugonjwa huo ulielezwa kwanza Ethiopia miaka ya 1960, ukaonekana Kivu Kaskazini mwaka 2001, kisha ukateremka mpaka huku Kusini. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina unatoka ute kama usaha. Wadudu wanaubeba toka ua dume la mgomba mmoja mpaka lingine, na panga lisilosafishwa linaubeba vilevile.

Silabusi yetu ilisema: mgomba mmoja ukigonjwa, ng'oa kisiki chote pamoja na watoto wake wote. Nilikuwa chefu wa kikundi, nikaandika hivyo. Usiku mmoja dada wa kikundi chetu, mwenye kusema kidogo sana darasani, akafuta ile sentensi na kuweka ingine: kata tu ule mgomba wenye kuonyesha dalili, chini kabisa, usawa wa udongo, pitisha panga kwenye moto au kwenye javeli, rudi kila juma kuangalia. Aliandika na sababu. Bakteria haifiki kwenye machipukizi yote ya kisiki kimoja, mengi yanaweza kubaki mazima, na majaribio yalifanyika hapahapa mashariki mwa Congo.

Nilirudisha sentensi yangu. Kwenye wiki hiyo ni kufinya mara moja tu. Akaweka yake tena. Nikairudisha yangu. Mara ya tatu nilimwandikia: "Dada, kamata silabusi, njo pale tutaulizwa." Alijibu "Sawa, chef." Hakurudi tena kwenye ukurasa.

Mwisho wa muhula asistanti aliomba tuprinti. Ndiyo, wiki! Kurasa ishirini, spirali, jalada la plastiki, kupeleka sekretarieti. Alisahihisha makaratasi na Biki nyekundu. Tulipata 15 kwa 20.

Pale njo lawama yangu iko. Wiki ina kitu kimoja ambacho silabusi haina: historia ya ukurasa. Kila mabadiliko yanabaki, na saa yake, na jina la mwenye kuyafanya. Unaweza kuweka matoleo mawili ubavu kwa ubavu ukaona neno gani liliondolewa. Kama asistanti angefungua ile historia dakika tano, angekuta ugomvi wetu wote. Na somo lilikuwa ndani ya ule ugomvi: nani ana ushahidi, ameutoa wapi, kwa nini zamani wataalamu wenyewe walishauri kung'oa kisiki chote, na kitu gani kiliwafanya wabadili mawazo. Angeona pia kwamba kati ya watu tisa wa kikundi, watatu tu waliandika. Karatasi haionyeshi yote hayo. Tulichukua chombo cha kusahihishana, tukatoa ndani yake silabusi ya pili.

Najua mtasema: watu mia kwa asistanti mmoja, na mshahara wake tunaujua. Kweli. Basi angetoa kurasa tano kwa promosheni nzima, asome historia zake zote, na amwambie kila mwenye kufuta sentensi ya mwenzake aandike kwa nini. Na msiniletee hoja ya intaneti. Wiki inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ya fakilte, simu zikaingia kwa wifi ya karibu bila hata mega moja. Kiwix tunayotumia kusoma Wikipedia bila intaneti ni nzuri, nilisomea mtihani nayo, lakini pale ni kusoma tu. Huwezi kumjibu mtu.

Sasa kosa langu. Likizo ile nilipanda Kabare kwa mama mkubwa. Migomba yake ilikuwa imeanza kunyauka, na kasiksi ya ile migomba njo ilikuwa inalipa minerval ya watoto wawili. Aliniuliza, juu miye njo agronome wa familia. Nilimwambia ang'oe visiki vyote vyenye ugonjwa. Visiki kumi na kimoja! Ilichukua karibu majuma mawili, yeye na watoto, na mashimo yalibaki kama ya makaburi. Mwaka uliofuata mtu wa mradi mmoja alipita, akafundisha majirani kukata mgomba mmoja mmoja. Jirani wa mama mkubwa aliokoa sehemu kubwa ya shamba. Mama mkubwa hakukasirika. Aliniuliza tu, akiwa anamenya viazi, bila hata kuniangalia: "Mwanangu, ile mambo mulikuwa munafundishwa, bale bengine balikuwa banaijua?"

Nilimjibu kwamba mmoja alikuwa anaijua.

Wiki ile bado iko, niliifungua jana. Sentensi yangu iko pale, na chini yake, kwenye historia, zile zake mbili. Nenosiri yangu niliisahau kitambo. Kama dada yule anasoma hapa na bado ana yake, naomba aingie arudishe sentensi yake. Sitaigusa.