Abacost na Ndugu Zake: Maneno ya Vipande katika Siasa na Maishani

Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba iliyotangaza mwisho wa chama kimoja nchini Zaire, Rais Mobutu aliwaruhusu pia wanaume wa nchi hiyo kuvaa tena suti na tai. Yeye mwenyewe alisema kwamba angebaki na vazi lake alilolichagua tangu 1972. Vazi hilo ni lile koti lisilotaka shati wala tai, ambalo kwa miaka kumi na minane lilikuwa sare ya kila afisa, kila mkurugenzi na kila mwalimu aliyetaka kuonekana kuwa raia mwema. Jina lake ni abacost. Kijana aliyezaliwa wakati mavazi hayo yalipoanza alilisikia neno hilo tangu utotoni, kama alivyosikia kofia au kiatu. Haikumjia kwamba kila alipolitamka alikuwa akirudia sauti ya mkutano wa hadhara: à bas le costume, yaani suti na ife.

Katika isimu, njia ya kuchukua vipande vya maneno mawili au zaidi na kuviyeyusha kuwa neno moja huitwa uhulutishaji. Inafaa itenganishwe na uambatanishaji. Katika neno mwanasiasa, mwana yupo mzima na siasa ipo nzima, na msemaji anaweza kuvisikia vyote viwili wakati wowote akitaka. Katika neno la vipande mambo si hivyo. Abacost imekata suti katikati, imeondoa kibainishi cha Kifaransa, na kilichobaki kimekaa mdomoni kama kitu kilichozaliwa kizima. Kwa msikilizaji wa Kibemba mwanzo wake hata unafanana na kiambishi aba- cha wingi wa watu, kana kwamba neno linataja kabila fulani. (Ukiwafikiria wale waliolivaa ofisini, kosa hilo la sikio si baya sana.)

Ukosoaji wa kawaida wa maneno haya unajulikana darasani. Upande mmoja husema kuwa ni maneno ya ovyo, yaliyovunjwa mifupa, na kwamba mwanafunzi anayeipenda lugha yake ayaepuke. Upande wa pili huyasifu kwa kuwa ni mafupi na huongeza msamiati. Pande zote mbili hutazama siku ya kuzaliwa kwa neno tu: liliundwa kutokana na nini, na je, liliundwa vizuri? Swali lenye uzito zaidi linakuja baadaye. Ni lini wasemaji waliacha kuvisikia vile vipande, na nani alifaidika walipoacha?

Mfano unaopendwa katika vitabu vya kufundishia unaonyesha jinsi swali la kwanza lisivyotosha. Vitabu hivyo hutoa chajio, kutoka chakula cha jioni, na chamcha, kutoka chakula cha mchana. Uundaji wake hauna dosari yoyote. Nchini Kenya maneno hayo yamepata watumiaji, hasa shuleni. Lakini yalete Lubumbashi uone. Hapa mtu hula bukari, na akitaka kutaja wakati atasema chakula ya mangaribi. Msemo ambao chajio imeukata haukuwa mdomoni mwake hata kidogo, basi ukataji huo haumpunguzii kazi. Neno la vipande hufupisha jambo ambalo tayari limesemwa mara nyingi mno. Pasipo marudio hayo, kamati yaweza kuunda maneno mia na yote yakabaki kwenye karatasi.

Utawala wa Mobutu ulikuwa na marudio kwa wingi. Ulikuwa na nyimbo za asubuhi, ngoma za animation politique katika shule na viwanda, na redio iliyosema lile lile mchana kutwa. Kaulimbiu ikirudiwa kiasi hicho huanza kulika pembeni kama sabuni, na kinachobaki huwa ni jina. Hapo ndipo amri inapopata nguvu ya namna ya pekee. Mtu aliyeambiwa “suti na ife” angeweza kuuliza kwa nini ife. Mtu aliyeambiwa “vaa abacost yako” hana la kuuliza, kwa sababu hoja imekwisha kushonwa ndani ya nguo. Na hilo lilikuwa kweli hata pale ambapo nguo zenyewe, kwa baadhi ya wakubwa, zilishonwa Ubelgiji.

Si lazima neno la namna hii litoke jukwaani. Katika Katanga maisha ya kila siku yalijengwa juu ya majina ya makampuni yaliyoundwa vivyo hivyo. Anayeagiza bia Lubumbashi anajua Brasimba, neno lililounganisha brasserie ya Kifaransa na simba wa Kiswahili bila kumwomba msamaha mwanasarufi yeyote. Lakini jina lenye historia nzito zaidi ni la kampuni ya migodi. Mali za Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, zilichukuliwa na serikali tarehe 1 Januari 1967, na kampuni mpya ikaitwa Gécomin. Silabi ya katikati, -co-, ilitokana na congolaise. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Haikuwezekana tena kampuni kubwa kuliko zote kubeba Kongo tumboni mwake, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 jina likawa Gécamines, ambamo -ca- inatokana na carrières, yaani machimbo. Ukiyaweka majina hayo kando kando, badiliko kubwa la siasa limeingia katika irabu moja.

Tarehe 17 Mei 1997 nchi ilirudia jina la Kongo. Zaire iliondolewa katika noti, katika bendera na katika vitambulisho, ila hakuna aliyedai kwamba ile -co- irudishwe. Sababu ni kwamba neno lilikuwa limekwisha kuganda. Katika kambi za wafanyakazi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, Gécamines ilimaanisha mshahara, mfuko wa unga, shule ya watoto na hospitali. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kazini mwaka 2003 kwa utaratibu ulioitwa départ volontaire, kilichowauma hakikuwa machimbo wala “ujumla” uliomo katika Gé-. Lilikuwa ni lile neno zima, ambalo ndani yake walikuwa wamezaliwa na kuoa.

Kuna neno moja la aina hii ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili hulitamka, na kwa nadra hulichunguza kama neno: Tanzania. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na kwa miezi kadhaa nchi iliitwa kwa majina yote mawili yakiwa mazima. Mwezi Oktoba mwaka huo huo likaja jina jipya: Tan, Zan, na mwisho -ia unaofanana na majina mengine ya nchi, kama Zambia jirani iliyopata uhuru mwezi huo huo. Sarufi ya Kiswahili ikalipokea mara moja: Mtanzania, Watanzania, Kitanzania, Utanzania. Hiyo ndiyo dalili kwamba neno la vipande limeingia kweli, maana limekubali viambishi na kuzaa. Hakuna sentensi ya kawaida ambamo msemaji wa neno Mtanzania hulazimika kukumbuka kwamba alitaja nchi mbili.

Hata hivyo vipande viwili vya jina havikupata bahati moja. Zanzibar ilibaki na serikali yake na rais wake. Serikali ya Tanganyika haikuwapo tena, na jina lenyewe likabaki katika silabi ya kwanza ya jina jipya na katika ziwa. Mwaka 1993 wabunge waliojulikana kama G55 walipodai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, walikuwa, kwa upande wa lugha, wanalifungua neno lililoshonwa miaka ishirini na tisa iliyotangulia. Nyerere aliliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuliandikia kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Mjadala ule ule ulirudi wakati Tume ya Warioba ilipopendekeza serikali tatu katika rasimu yake ya 2013, na mwaka uliofuata Bunge Maalumu la Katiba likabaki na mbili. La ajabu ni kwamba ng’ambo ya pili ya ziwa jina hilo limepata tena serikali: tangu 2015 Kongo ina jimbo la Tanganyika, na makao yake ni Kalemie.

Kutokana na mfano huo mtu aweza kudhani kwamba kufungua neno ni kazi ya wabunge na wasomi. Sivyo. Watu wa kawaida hulifanya kila siku, na mara nyingi kwa vifupisho kuliko kwa maneno ya vipande, kwa kuwa herufi za kifupisho zimesimama wazi na kila mtu anaweza kuzijaza upya. Katika Zaire ya chama kimoja, MPR ilisomwa kwa sauti ya chini mourir pour rien, yaani kufa bure. Herufi tatu za chama zilikuwa ukutani kwa amri ya serikali, na kila aliyepita aliweza kuyasoma maneno hayo bila kuandika chochote. Abacost haikumpa mtu nafasi kama hiyo, kwani vipande vyake vilikuwa vimekwisha kushikana.

Lakini haifai kusifu kila ufunguzi wa namna hii. Maradhi yaliyoitwa SIDA kwa Kifaransa yalipoenea, vijana wa miji mingi ya Afrika inayozungumza Kifaransa waliyasoma syndrome imaginaire pour décourager les amoureux, ugonjwa wa kubuniwa ili kuwavunja moyo wapenzi. Kicheko kile kiliua watu. Inafaa kulinganisha na neno la Tanzania, Ukimwi, lililokatwa kutoka upungufu wa kinga mwilini. Limeundwa kwa silabi, na silabi yake ya kwanza ni u-, ile ile ya ukoma na upofu. Limekaa moja kwa moja kati ya majina ya maradhi, na msemaji husema Ukimwi umeenea bila kutafuta upatanisho. Ni vigumu zaidi kulichezea, kwa sababu halionyeshi mishono. Katika suala la afya hilo ni jambo jema. Mishono hiyo hiyo isiyoonekana, katika suala la utawala, ndiyo inayostahili kutiliwa shaka.

Mfano wa karibuni zaidi bado haujaganda. Félix Antoine Tshisekedi aliapishwa kuwa rais tarehe 24 Januari 2019, na jina Fatshi, lililotokana na mianzo ya majina yake, limeenea kutoka nyimbo za wafuasi hadi mazungumzo ya sokoni. Ni jina fupi, lenye mahaba, kama la mtoto wa jirani. Hata anayemlaumu rais kwa bei ya unga hulitumia, na katika kulitumia humlaumu kana kwamba ni ndugu wa nyumbani. Wafuasi hawakupata faida ndogo hapo. Mwanafunzi anayekusanya msamiati wa siasa afanye haraka kuliandika leo, wakati wasemaji bado wanaweza kumweleza kila kipande kilitoka wapi.

Kwa abacost nafasi hiyo imekaribia kupita. Baada ya 1997 vazi hilo liliingia masandukuni, ingawa halikutoweka. Antoine Gizenga, mfuasi wa Lumumba aliyeishi miaka mingi uhamishoni wakati wa Mobutu, alikuwa waziri mkuu kutoka mwisho wa 2006 hadi 2008, na mara nyingi alionekana amelivaa. Waliomtazama waliliita kwa jina lile lile.