Katuni, Mlanguzi na Gunia la Lumbesa

Katuni, au vibonzo kama wengine wapendavyo kuviita, hufanya kazi ya tenzi za mawaidha: huonya kwa kuonyesha. Basi yafaa zipimwe kwa makini yale yale.

Neno mlanguzi lilivuma sana mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, bidhaa zikiwa adimu madukani. Wachoraji wamezoea kumwonyesha mtu huyo kwa alama moja: kitambi. Alama hiyo ni nyepesi kutambulika, na udhaifu wake ndio huo. Msomaji hucheka, hufunua ukurasa, wala haulizi ni nani aliyemwachia mlanguzi njia.

Natuisome alama hiyo tukiwa Nkunga, wilayani Rungwe, nchi ya viazi na ndizi. Huko dhuluma haina kitambi. Mnunuzi aweza kuwa kijana mwembamba mwenye sindano na kamba, ashonaye kilemba juu ya gunia lililokwisha kujaa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hulipwa kwa gunia, si kwa kilo; hivyo kilemba chote huenda bure. Sheria ya Vipimo imeweka kikomo cha kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo. Hata hivyo magunia hayo hupakiwa mchana na kupita vizuizini juu ya malori, yakionekana tangu mbali.

Sanaa ya katuni ni kutia chumvi. Lakini lumbesa imekwisha kutiwa chumvi na mshonaji wake. Mchoraji akilikuza gunia, haongezi neno. Linalomngoja kulikuza ni jicho la mlinzi wa sheria lisiloona kilemba.

Njia ya kulifanya hilo ipo. Masoud Kipanya humweka panya mdogo katika picha zake, shahidi wa mambo ya wakubwa. Chakubanga wa Christian Gregory, aliyejulikana katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, alikuwa mtu wa kawaida, si kigogo. Kwa hiyo aliyemcheka hakuwa mbali na kujicheka mwenyewe. Wote wawili humhusisha mtazamaji katika kosa.

Katuni ya ulanguzi isiyo na mlinzi ndani yake ni nusu ya mashtaka. Mkulima wa Nkunga anamjua mnunuzi wake. Asilolijua ni kwa nini kizuizi kilifunguliwa.