Kubadili Mkalimani Nyumba Ikiwa na Watu

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi hii lilichukua amri mbili fupi. Seva ilikuwa ya ofisi moja niliyokuwa kijana wake wa kompyuta. Ilikuwa ikiendesha CentOS 6, na Python iliyokuja nayo ilikuwa toleo la 2.6. Mimi nilitaka 2.7, maana maktaba niliyoipenda haikukubali cha chini ya hapo. Nikaijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, ikajengeka, nikafurahi. Kisha, kwa wepesi wa mtu anayetaka kuwahi chakula cha mchana, nikalipa jina jingine faili la /usr/bin/python, na mahali pake nikaweka kiungo kinachoelekea kwa mgeni. Programu yangu ikaenda kama maji. Niliporudi kutoka kula, nikaiita yum inisakinishie kitu kingine. Ikanijibu kwamba haijui moduli yoyote iitwayo yum.

Yaani chombo kilikuwa hakijijui chenyewe. Yum ndiyo iliyokuwa njia ya kuingiza na kutengeneza karibu kila kitu kwenye seva ile, nayo imeandikwa kwa Python, na mstari wake wa kwanza unamtaja /usr/bin/python kwa anwani kamili. Anwani ile ilipoitwa, akaitika mgeni, na mgeni hakuwa na vitabu vya mwenyeji: moduli zote za yum zilikaa kwenye saraka ya 2.6. Kamba ya kuvutia ndoo nilikuwa nimeitumbukiza kisimani pamoja na ndoo.

Nikampigia simu mzee mmoja aliyenitangulia kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umegusa nini?"

Hakuuliza kuna nini. Nilipomweleza akacheka kidogo, akanielekeza kulirudishia faili jina lake, akashukuru kwa niaba yangu kwamba sikulifuta. Kisha akasema: "Hiyo Python si yako, mwanangu. Ni ya mwenye nyumba. Wewe mpangaji. Jenga yako uani."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo tangu siku ile, na nimesoma mengi.

Kwa Kiswahili programu kama Python, inayosoma msimbo na kuutekeleza papo hapo huitwa mkalimani. Naipenda tafsiri hiyo kwa sababu imebeba onyo ndani yake. Aliyewahi kukaa mahakamani akasikiliza ushahidi ukipita kwa mkalimani anajua kwamba mtu yule hatungi neno lolote la kwake, lakini shauri zima liko ulimini mwake. Ukimbadilisha katikati ya kesi, shahidi atakuwa yuleyule na maneno yaleyale, na hukumu inaweza kuwa nyingine.

Chukua mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tuseme skripti yake inagawa faida ya shilingi 100,000 kwa wanachama 7. Python ya 2 ikipewa namba nzima mbili na alama ya mkwaju katikati, hurudisha namba nzima: 14,285 kwa kila mtu, na shilingi 5 zinabaki kwenye sanduku. Python ya 3, kwa mstari uleule, hurudisha 14285.714 na mkia mrefu wa desimali. Hakuna kinachoanguka, hakuna maandishi mekundu. Ni hesabu tu zinazoanza kuongea lahaja nyingine, na mhasibu ndiye atakayeligundua hilo, mwishoni mwa mwezi, akiwa na hasira.

Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianzisha lugha hii, na wenzake walijua wanavunja mambo, na waliyavunja kwa makusudi ili kusafisha makosa ya zamani. Kilichofuata ni miaka 11 ya kuishi na wakalimani wawili. Toleo la 2.7 lilipangiwa kustaafu 2015, watu wakawa hawajahama, likaongezewa muda hadi tarehe 1 Januari 2020. Wapo waliouona mvutano huo kuwa uzembe. Mimi naona ulikuwa kipimo halisi cha uzito wa kazi yenyewe, kwa sababu nyuma ya kila seva iliyochelewa palikuwa na mtu asiyeweza kuthibitisha kwamba mstari wa kugawa uko salama.

Kuna makosa mengine ambayo nayapenda, maana yanapiga kelele. Mwaka 2018, toleo la 3.7 lilipolifanya neno async kuwa mali ya lugha, maktaba zilizokuwa zimelitumia kama jina la kawaida ziligoma kusomwa kabisa. Mwaka 2023, toleo la 3.12 lilipoiondoa distutils, maktaba ya kufungashia, vifurushi vya zamani vilianguka mlangoni kabla ya kuingia. Kosa la namna hiyo unalikuta mezani pako saa tatu asubuhi, unalitengeneza, unaendelea na chai.

Lakini nilikuwa nikizungumza habari za uani.

Katika mfumo wa Linux, vilivyomo /usr/bin ni vya msambazaji wa mfumo. Yeye amevipima vikiwa pamoja, na zana zake za matengenezo zinavitegemea. Mpangaji ana /usr/local na /opt, na humo anaweza kujenga ghorofa akitaka. Kwa miaka mingi mpaka huu ulilindwa kwa adabu tu, na adabu, kama nilivyoonyesha, huisha wakati wa chakula cha mchana. Siku hizi wenye nyumba wameweka makufuli. Red Hat, katika toleo lao la 8 la mwaka 2019, waliitenga Python ya mfumo wakaiweka chumba cha ndani, /usr/libexec/platform-python, ili nyinyi wengine mgombanie jina python huko nje bila kuwasumbua. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, inaikataza pip, zana ya kuletea maktaba za Python, kuweka vifurushi kwenye Python ya mfumo. Inakwambia wazi kwamba mazingira haya yana msimamizi wake, nenda kajitengenezee ya kwako. Kuna walionuna. Mimi nilitabasamu peke yangu mbele ya kioo cha kompyuta, nikamkumbuka yule mzee.

Anayejenga Python mwenyewe hukutana na njia panda ya maneno mawili. Akisema make install, mgeni ataingia na kujitwalia pia jina fupi, python3, katika saraka aliyowekwa. Akisema make altinstall, mgeni ataingia kwa jina lake kamili tu, python3.12, atakaa kimya pembeni, na jina fupi halitaguswa. Sijui ni nani aliyeifikiria amri hiyo ya pili, ila ningependa kumwamkia. Ni adabu iliyoandikwa ndani ya chombo chenyewe: ingia, lakini usikalie kiti cha baba.

Kabla hata ya hapo kuna jambo dogo linalowapita wengi. Ujenzi ule hutapika maelfu ya mistari kwenye kioo, na mwanafunzi huenda kupika chai. Mistari yenye maana iko karibu na mwisho, pale unapotajiwa moduli zilizoshindwa kujengwa. Seva ikikosa faili za kujengea za OpenSSL, Python itamalizika vizuri tu, itaanza, itajumlisha namba, lakini haina ssl, kwa hiyo haiwezi kuzungumza na tovuti salama hata moja, na pip yake haitaleta kifurushi chochote kutoka mtandaoni. Mtu husumbuka siku nzima akitafuta ubaya wa mtandao, na kumbe aliambiwa. Ninayemheshimu katika kazi hii ni yule anayerudi kusoma mistari ile.

Unix nayo imempa fundi zawadi ambazo wengi huzitumia bila kuzijua. Humo, jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Jina limeandikwa kwenye saraka; mwili una namba yake, inodi, na majina kadhaa yanaweza kuuelekea mwili mmoja. Ukilifuta jina wakati programu bado imelishika faili, mwili haufi. Unangoja mpaka wa mwisho aliyeushika auachie. Ndiyo maana mkalimani wa zamani anaweza kuendelea kuhudumia watu huku jina lake limekwisha kupewa mwingine. Na kuna wito wa rename, ambao kiini cha mfumo huutekeleza kwa pigo moja: anayetazama ataona kiungo cha zamani au kipya, hataona pengo. Kwa hiyo fundi hafuti kiungo kisha akaweka kingine, hata kama nafasi ya katikati ni fupi kuliko kupepesa jicho, kwa sababu seva yenye shughuli hupepesa mara nyingi. Hutengeneza kiungo kipya pembeni kwa jina la muda, halafu hukipandisha juu ya kile cha zamani kwa mv -T. Kazi ya kiungo imekwisha, na hakuna aliyegutuka.

Hata hivyo zawadi hiyo ina ncha kali. Mkalimani haji na mwili mmoja; anakuja na rafu nzima ya moduli, na nyingine huzifungua pale tu zinapohitajika. Ukibadilisha rafu chini ya programu iliyoanza tangu juzi, inaweza kuanza sentensi kwa kitabu cha zamani na kuimalizia kwa kipya. Matokeo yake ni vituko ambavyo huwezi kuvirudia mbele ya shahidi. Dawa ni kumpa kila mkalimani rafu yake katika saraka yake, na kuanzisha upya huduma kwa zamu, moja baada ya moja, wewe mwenyewe ukiwa macho.

Kisha kuna kroni, mlinzi wa usiku anayeamsha kazi zilizopangiwa saa. Mstari wa kwanza wa skripti ya Unix, unaoanza kwa alama ya reli na alama ya mshangao, humtaja mkalimani wa kuitwa. Dennis Ritchie aliuingiza utaratibu huo kwenye kiini cha Unix mwaka 1980. Wengine huandika pale anwani kamili. Wengine hupitia /usr/bin/env, inayomtafuta mkalimani katika orodha ya saraka na kumchukua wa kwanza anayemkuta. Sasa wewe mchana una orodha yako ndefu, umeipamba, mkalimani mpya yuko mbele. Unajaribu skripti, inapita. Kroni usiku ana orodha fupi mno, kwa kawaida /usr/bin na /bin basi, na uani kwako haingii. Atamwita wa mwenye nyumba. Umejaribu kitu kimoja na kukabidhi kingine. Tangu nilipong'atwa na hilo, huwa najaribu kazi za usiku ndani ya mazingira yaleyale makavu ya kroni, na nikishindwa hungoja usiku wenyewe.

Mafundi wa nyumba za mawe kule Lamu, wakitaka kutoa boriti iliyooza darini, kwanza husimamisha miti ya kuegemeza, na watu wa nyumba huendelea kulala. Kwenye seva miti hiyo ni mkalimani wa zamani mwenyewe. Namwacha amesimama. Naandika orodha ya maktaba zake zote pamoja na namba za matoleo. Najenga mazingira mapya kutoka sifuri chini ya mkalimani mpya, maana mazingira ya zamani hayahamishiki: yamefungwa kwa viungo kwenye mkalimani aliyeyazaa, na maktaba zenye sehemu zilizoandikwa kwa C kwa kawaida hujengwa kwa ajili ya toleo maalumu. Kisha nawalisha wawili hao data ileile, nalinganisha majibu yao kwa diff, mstari kwa mstari. Diff ikikaa kimya nashuku kwanza kwamba nimelinganisha faili moja na lenyewe. Imewahi kutokea.

Mara ya mwisho nilipobadili mkalimani kwenye seva, usiku wenyewe haukuwa na la kusimulia. Amri moja ya kupandisha kiungo, huduma zinaanza upya kwa zamu, na karatasi mezani yenye amri ya kurudi nyuma, imeandikwa mapema kwa sababu saa tisa usiku akili haiaminiki. Asubuhi watu waliingia, wakafungua kurasa zao, wakalalamika kuhusu kiyoyozi.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Python ya 3.9, mkalimani wa zamani, bado iko kwenye /opt ya seva hiyo, na wiki jana nilitaka kuifuta kwa sababu haipati tena marekebisho ya usalama. Kabla ya kufuta nikapekua kumbukumbu kuona kama kuna anayemwita. Yupo mmoja: skripti ya mistari 40, inaamka tarehe 28 ya kila mwezi saa nane usiku, inatengeneza ripoti, inaituma kwa mtu wa idara ambayo sikujua kama bado ipo. Nimempigia. Ameniambia huisoma kila mwezi.

Nimeweka daftarini kazi ya kuihamisha skripti hiyo. Mzee wa /opt nimemwacha mpaka hapo.