Furaha ya Nani?

Kuna sentensi ambayo imekuwa kama tiketi ya kuingilia kwenye kumbukumbu za utotoni tunazoandika siku hizi: tulikuwa maskini lakini tulikuwa na furaha. Mwandishi akishaiandika, anajiona amemaliza kazi. Mimi nikiifikia, ndipo maswali yanapoanza. Nani alikuwa na furaha? Na nani alilala hajala ili wengine wacheke?

Nauliza kwa sababu nimekulia Dutwa, Bariadi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bado tuko mkoa wa Shinyanga. Kwa vigezo vya sentensi ile, familia yetu ilistahili kabisa. Tulikula michembe, mboga ni nsansa, na ugali ukipatikana ni wa mahindi ya njano, yale ambayo watu waliyabatiza Yanga. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Tulicheka sana, hilo silikatai. Ila dada yetu mkubwa, ambaye katika masimulizi ya ukoo hutajwa kuwa alikuwa "mchangamfu", ndiye aliyeamka alfajiri kwenda kuchota maji, kisha akashinda kwenye palizi ya pamba. Muulize yeye habari za miaka ile. Hataji furaha, anataja mgongo.

Ubaya mwingine wa sentensi hii ni kuufanya umaskini uonekane kama mvua, kitu kilichoanguka tu kutoka juu. Ule wa kwetu ulikuwa na sababu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Vita vya Kagera vilivyoisha 1979 vilikausha hazina, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Kufikia 1983, wakati Sokoine anaongoza msako wa wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa habari ya kijiji kizima. Sisi tuliolima pamba tulipanga foleni kutafuta kitambaa! Mwandishi anayeruka jambo kama hilo ili awahi kwenye hadithi za mbalamwezi ameacha nyama akachukua mchuzi.

Sisemi furaha isiandikwe. Tazama Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad: umaskini wa Fumba una kazi yake, una udongo, una vyungu vya kubebwa hadi mjini kuuzwa. Msomaji anaona uzito wa mzigo kabla hajasikia sauti ya mwimbaji. Frank McCourt naye, katika Angela's Ashes cha mwaka 1996, anachekesha mpaka unajisahau, lakini hafichi kwamba baba alikuwa akiupeleka mshahara kilabuni na watoto kubaki na njaa. Kicheko na njaa viko kwenye ukurasa mmoja, na hakuna "lakini" ya kuvitenganisha.

Kwetu kumbukumbu nyingi huandikwa na waliosoma, yaani wale ambao mtu mwingine alibaki shambani kwa niaba yao. Ndiyo maana furaha inajaa kurasa. Aliyelipa gharama hayupo mezani wakati kitabu kinaandikwa, na akitajwa anashukuriwa kwenye dibaji, mstari mmoja, pamoja na mpiga chapa.

Mwaka jana nilimpa dada daftari jipya, nikamwomba aandike chochote anachokumbuka. Amelijaza hesabu za choroko.