Nukta Nne

Kasha la marehemu mama lilipofunguliwa tulihesabu doti 63 za kanga. Nyingine zilikuwa hazijakatwa, vipande viwili vimeshikana kama vilivyotoka dukani, vinanukia udi. Dada zangu walitaka kugawana siku ileile. Mama mdogo akakataa: kwanza ziandikwe. Ziandikwe wapi, hakusema, na kazi ikaniangukia mimi kwa kuwa ndiye ninayeshinda mbele ya kompyuta. Hivyo ndivyo nilivyouingia ufundi ninaotaka kuusifu, ingawa jina lake la kitaalamu humpigisha mtu miayo: kupanga data ndani ya wiki kwa viendelezi, kisha kuihoji.

Wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wake huweza kuihariri, ilifunguliwa mwaka 1995 na Ward Cunningham, Mmarekani, aliyeazima jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa Kihawaii wiki ni upesi. Upesi huo ndio fadhila ya wiki na ndio kasoro yake, maana ukurasa wake hupokea chochote utakachomimina. Nami nilimimina. Kila kanga niliipa ukurasa, nikaandika maneno yake, rangi zake, duka, arusi iliyonunuliwa kwa ajili yake, na nani alimkasirikia nani alipoiona imevaliwa. Nilipofika ukurasa wa arobaini nikajiona mwandishi. Ndipo mpwa wangu aliyeko Maskati akaniletea ujumbe: "Shikamoo mjomba. Kanga nyekundu bibi alizonunua Mombasa ziko ngapi?"

Nilikuwa na jibu, lakini sikuweza kulifikia. Lilikuwa limetawanyika katika kurasa arobaini, na njia ilikuwa moja tu, kuzifungua zote na kuhesabu kwa vidole.

Wenye Wikipedia walikuwa na shida hiyohiyo kwa ukubwa wa dunia. Kila jiji lilikuwa na ukurasa, na jina la meya limo, lakini hukuweza kuuliza ni majiji gani makubwa yanaongozwa na wanawake. Ilibidi mtu aketi na kuandika orodha kwa mkono, na orodha hiyo ichakae uchaguzi unaofuata. Mwaka 2005, huko Karlsruhe, Ujerumani, Markus Krötzsch, Denny Vrandečić na Max Völkel walianza kutengeneza kiendelezi (programu ya nyongeza) cha MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia. Wakakiita Semantic MediaWiki. Dawa yao ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Katika wiki, kiungo cha kwenda ukurasa mwingine huandikwa kwa mabano ya mraba: [[Mombasa]]. Wao wakaongeza jina la uhusiano na nukta nne: [[imenunuliwa::Mombasa]]. Msomaji haoni tofauti yoyote, sentensi inasomeka kama kawaida. Lakini sasa hifadhidata inajua kwamba kanga hii na mji ule vimeungwa, na inajua vimeungwa kwa nini.

Nukta nne hizo nazihesabu miongoni mwa mishono mizuri niliyowahi kuiona. Hazikumlazimisha mwandishi kuacha sentensi yake akajaze daftari la safu na mistari. Zilimwachia hadithi yake, zikaipachika lebo upande wa ndani, pale fundi cherehani anapoficha uzi. Ukishazitia, unauliza popote wikini:

{{#ask: [[Jamii:Kanga]] [[rangi::Nyekundu]] [[imenunuliwa::Mombasa]] |?maneno |?mwaka}}

Jedwali linajipanga lenyewe. Ongeza kanga nyingine nyekundu mwezi ujao, nayo itajiunga bila wewe kuligusa jedwali. Nilimjibu mpwa wangu: tisa.

Zilikuwa kumi na mbili.

Hapa ndipo ufundi unapoanza, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Ulizo lenye kasoro halipigi kelele. Linakuletea orodha safi, fupi, yenye adabu, na wewe unaiamini. Kanga tatu zilizopotea nilikuwa nimeziandikia "rangi ya mji" badala ya "rangi", siku niliyojiona mtaalamu wa kanga na kutaka kutofautisha mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na pindo. Kwa mashine, hizo ni sifa mbili zisizojuana. Tangu hapo nimejifunza kuzipa sifa majina kwa subira ya mtu anayempa mtoto jina, kwa sababu litaitwa mara nyingi na watu wengi.

Kila sifa ina ukurasa wake, na humo unatangaza ni ya aina gani: tarehe, namba, maandishi, mahali kwenye ramani, au ukurasa mwingine. Wenzangu wa lugha nyingine huliona jambo hili gumu. Kwangu lilikuwa kama kurudi darasani kwenye ngeli. Aliyekua akijua kwamba kikombe kinavunjika na mti unavunjika hahitaji kushawishiwa kwamba kitu kikishatajwa aina yake, kila kinachokifuata lazima kipatane nacho.

Niliitangaza "mwaka" kuwa tarehe. Kisha mama mdogo akanisimulia: hii aliinunua mama yako mvua zile kubwa, kabla hujazaliwa. Nikaandika "mvua zile kubwa", na papo hapo alama ya onyo ikachomoza. Ningeweza kukisia mwaka. Wengi hukisia, na jedwali lao hupendeza. Nikaunda sifa ya pili, ya maandishi matupu, nikaiita "wakati kwa kusimuliwa". Sasa kuna kanga zenye mwaka, zenye masimulizi, na zenye vyote viwili. Jedwali langu lina matundu, nami nayaheshimu.

Mahali palinitesa zaidi. Semantic MediaWiki hufuata maelekezo: ukiuelekeza ukurasa "Dar" uende "Dar es Salaam", maulizo yatayahesabu yote mawili kuwa kitu kimoja. Raha tupu. Lakini "Zanzibar" je? Kwa dada yangu mkubwa ni mjini, kwa mwingine ni kisiwa cha Unguja, kwa baba yetu ilikuwa Unguja na Pemba pamoja. Hakuna kiendelezi kitakachokuamulia hilo. Tulibishana jioni nzima kwenye simu, na nadhani huo ndio uliokuwa mkutano wetu mzuri zaidi tangu msiba.

Ajabu ni kwamba kanga yenyewe ilishajua kazi hii zamani. Ina pindo, ina mji, na ina maneno yake mahali pake, hayatangitangi. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zina chapa ya K.H.E. na "Mali ya Abdulla", kwa hiyo aliyezitengeneza ameshajiandika. Mimi nilichofanya ni kuinakili lebo ambayo kitambaa kilikuja nayo.

Dada zangu hawatii nukta nne, wala siwalaumu. Nimezificha ndani ya kigezo, kiolezo ambacho kurasa zote hukitumia, na juu yake nimeweka fomu kwa kiendelezi cha Page Forms. Wanachagua rangi, wanapakia picha, basi. Kiendelezi hicho ni kazi ya Yaron Koren, ambaye baadaye alitoa Cargo, kiendelezi chenye tabia nyingine: unatangaza jedwali na safu zake kwanza, kisha kila ukurasa unatumbukiza data yake humo, kama kabati lenye droo zilizokwisha kuandikwa. Ni chepesi kwa aliyezoea SQL, lugha ya kuhoji hifadhidata, na kwa orodha iliyonyooka ningekipendekeza. Mimi nimebaki na nukta zangu. Kanga za mama hazikunyooka.

Vrandečić mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Aliongoza ujenzi wa Wikidata, iliyofunguliwa Oktoba 2012, ambako kila kitu hupewa herufi Q na namba, ili jambo likiandikwa mara moja lisomwe kwa lugha nyingi. Mwanzoni mwa 2013 Wikipedia ya Kihungaria ikawa ya kwanza kuchota humo viungo vya kwenda lugha nyingine. Kabla ya hapo kila makala, na ya Kiswahili pia, ilibeba mkiani msururu wake wa viungo hivyo, na roboti hazikulala kwa kuusahihisha.

Kuna swali moja ambalo kiendelezi changu hakijui kuuliza vizuri: kanga zipi hazina mwaka? Kinaona kilichoandikwa, ambacho hakikuandikwa hakina pa kukishikia. Kwa hiyo naita jedwali zima, bila kulichuja, na nashuka kwa macho nikitafuta vyumba vitupu. Leo vimebaki kumi na saba. Kila Ijumaa baada ya Asri nampigia mama mdogo, nikiwa nimefungua ukurasa wa kimojawapo.

"Mama, ile ya korosho, nyeusi na manjano."

"Ina doa la chai penye pindo?"

"Ndiyo."

"Ngoja nikae vizuri."