Sakafu Iliyochaguliwa na Kamera

Fungua tangazo lolote la keja Nairobi, kuanzia Pipeline hadi Ruaka, na kuna neno utalikuta limesukumwa mbele, mara nyingi kabla ya maji na kabla ya stima: taili. "Bedsita safi, ina taili." Halafu picha. Sakafu nyeupe inang'aa mpaka taa ya dari inaonekana tena chini, kama mwezi kwenye dimbwi. Hakuna mtu pichani. Hakuna ndoo, meko wala slipa. Sakafu ndiyo staa.

Nataka tuisome sakafu hiyo vile tunavyosoma riwaya au filamu, maana wengi wetu tunaitazama kila siku kuliko mchoro wowote wa galari. Na nikiisoma, naona kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu ambaye haishi mle ndani.

Anza na jina. Kwa Kiswahili sanifu taili ni kigae, neno ambalo pia ni kipande cha chungu kilichovunjika. Jirani zetu Tanzania wengi husema marumaru, jiwe la kifahari, hata kama kilicholazwa ni udongo uliochomwa tu. Majina hayo mawili yamebeba ugomvi wote: udongo unaokubali kuwa udongo, na udongo unaotaka kuitwa jiwe. Soko letu limependa huo wa pili. Pita kwenye maduka ya Industrial Area uone vigae vyenye mishipa ya marumaru, vigae vyenye nyuzi za mbao, vigae vinavyojifanya saruji mbichi. Siku hizi picha hizo huchapishwa kwa mashine za wino, ndugu wa ile printa ya saiba, kabla kigae hakijaingia tanuri. Ndiyo maana ukipiga magoti utaona mshipa ule ule wa kijivu mlangoni, chini ya kitanda na kando ya sinki. Jiwe la kweli halijirudii hivyo.

Kuiga si dhambi. Sanaa nyingi huanza hapo. Swali langu ni kigae kimechaguliwa kwa kipimo gani.

Nilipoacha chuo nilipiga mjengo miezi kadhaa, nikimbebea fundi wa taili katoni na kumkorogea gundi. Jamaa alikuwa mhakiki makini kuliko wengi niliowasoma darasani. Uso wa kigae hakuuangalia kwanza. Alikigeuza, akadondosha maji mgongoni, akangoja. Maji yakinywewa haraka, alikiweka upande wa ukuta. Iko sababu: poselini hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali seramiki ya ukutani inaweza kupita asilimia 10. Kisha alitafuta kwenye katoni alama ya PEI, ambayo huenda hadi 5 na hupima jinsi ile ngozi ya kioo juu ya kigae inavyovumilia kusuguliwa na viatu na mchanga. Mwisho alitafuta herufi R, kuanzia R9 hadi R13. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyoshika mguu. Kama katoni ilikuwa bubu, alilowesha kidole na kukiburuta juu ya kigae.

Lakini uamuzi haukuwa wake. Mwenye ploti alikuwa ameshachagua kupitia simu: nyeupe, inayong'aa, aina moja kuanzia sebuleni hadi bafuni. Kununua aina moja kwa jumla ni rahisi, na picha inatoka poa.

Sasa ingia bafuni. Kwenye keja zetu nyingi choo na bafu ni chumba kimoja kidogo, shawa iko karibu juu ya choo, na ukioga sakafu nzima inalowa. Ongeza sabuni. Shosho yangu alipokuja kunitembelea kutoka ocha, alivuka bafu akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Nikamtandikia gunia. Akaniuliza, kwa upole tu, nyumba hii ilijengewa nani. Kwa mtu wa umri wake kuteleza si kiklipu cha kuchekesha. Nyonga ikivunjika, maisha yanageuka.

Wazee wa pwani walikuwa na jibu la swali lake. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina, yenye ngozi ya kioo kama taili zetu. Waliyaweka juu, ambako jicho linafika na mguu haufiki. Chini, majumba ya mawe yalikuwa na sakafu ya chokaa. Kung'aa kulikuwa na mahali pake.

Sisemi turudi kwenye vumbi. Aliyekulia kwenye sakafu ya udongo anawajua funza, na anajua raha ya kupiga deki mara moja na chumba kikawa safi. Mama anayehamia kwenye nyumba yenye taili na kuwapigia simu dada zake hajadanganyika. Amepata kitu halisi. Ninachokataa ni kwamba kwa kuwa amepata, basi asiulize zaidi.

Kwa hiyo tuulize. Ukijenga, weka kinachong'aa ukutani na kinachokwaruza kidogo sakafuni. Bafuni tumia vigae vidogo: mistari mingi ya saruji kati yake huongeza mshiko, na ni rahisi kuvilaza kwa mteremko kuelekea shimo la maji. Nunua ziada ya kama asilimia 10 kutoka toleo lile lile, kwa sababu toleo lijalo huenda likawa na rangi tofauti.

Na ukipanga, kama wengi wetu, usikubali picha. Siku ya kuangalia keja mwombe keateka maji kwenye ndoo, yamwage bafuni, vua viatu, ukanyage. Atakushangaa. Mwache ashangae. Wewe ndiye utakayeoga hapo saa kumi na moja asubuhi, stima ikiwa imepotea, ukiharakisha kuwahi matatu.